Jina la Cheti, Jina la Mdomo

Kaskazini-magharibi mwa Brussels kuna manispaa isiyofika kilomita tatu za mraba ambayo imebeba jina la kuutosha mji mzima. Kwa Kifaransa ni Berchem-Sainte-Agathe. Kwa Kiholanzi mtakatifu hutangulia, ikawa Sint-Agatha-Berchem. Tangu mwaka 1954, ilipoingizwa katika eneo la lugha mbili pamoja na Evere na Ganshoren, majina yote mawili yana haki sawa, na vibao vya mitaani vinayabeba yote. Hata hivyo mkazi anayepanda tramu namba 82 jioni kurudi nyumbani haendi kwenye hata moja kati ya majina hayo. Anakwenda Berchem. Jina refu ameliachia barua, bili na ramani, kwa kuwa Antwerp nako kuna Berchem nyingine na kifurushi kinaweza kupotea. Jina fupi analitumia kwa wale wanaojua tayari anazungumzia wapi. Yameishi pamoja miaka yote hiyo na hakuna lililomfukuza mwenzake. Sura hii inadai kwamba mzazi anayetaka kumpa mwanawe jina lisilo la kawaida angefanya vyema kuanzia hapo. Anadhani anachagua jina moja, kumbe anachagua mawili, la cheti na la mdomo. Na la pili ndilo litakaloamua kama la kwanza litaishi.

Swali hili si la kufikirika katika manispaa kama hii. Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji kuanzia 1908 hadi 30 Juni 1960, na kabla ya hapo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili. Watu wameendelea kusafiri kati ya nchi hizo mbili, wakiwamo wa mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ndicho cha sokoni huko Bukavu, Goma na Lubumbashi. Ganshoren, inayopakana na Berchem, ilimpata meya aliyezaliwa Bukavu, Pierre Kompany, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2018, naye akawa meya wa kwanza Mweusi nchini Ubelgiji. Kwa hiyo mama wa Kivu anayejifungulia Brussels akitafakari kama amwite binti yake Mapendo au Marie, hafanyi jambo la ajabu. Sheria inampa siku 15 tangu mtoto azaliwe kumtangaza kwa msajili wa manispaa alikozaliwa mtoto. Zamani sheria hiyo ingembana: ile ya Wafaransa ya mwaka 1803, ambayo Ubelgiji iliirithi, iliruhusu tu majina ya kwenye kalenda na ya watu mashuhuri wa historia ya kale. Mlango ulifunguliwa na sheria ya 15 Mei 1987. Siku hizi msajili anaweza kukataa jina pale tu linapoleta mkanganyiko au linapoweza kumdhuru mtoto au watu wengine. Haulizi kama jina limezoeleka. Hivyo shida yote imehama kutoka mezani kwa msajili na kuhamia midomoni mwa majirani, walimu na watoto wenzake.

Kabla ya kwenda mbali tukubaliane jina lisilo la kawaida ni lipi, kwa maana neno hilo hudanganya. Ugeni haumo ndani ya jina. Umo katika mahali linapoitwa. Wanande wa Kivu Kaskazini huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa, kila jinsia na orodha yake: Kambale, Kasereka, Kakule, Masika, Kavira. Ukiita Kambale katikati ya soko la Butembo, wengi watageuka. Mtoto huyohuyo akiandikishwa Brussels, huenda asionekane kabisa katika takwimu, kwa sababu idara ya takwimu ya Ubelgiji, Statbel, inapochapisha majina ya watoto wa mwaka huacha yale yaliyotolewa chini ya mara tano. Na jina Mohamed, ambalo mtu wa kijiji cha Flanders angeliona la kigeni, kwa miaka mingi limekuwa kileleni mwa orodha ya wavulana wa Brussels. Upo pia ugeni wa aina ya pili, wa jina ambalo halikuwapo popote. Mchezaji wa mpira Romelu Lukaku, aliyezaliwa Antwerp mwaka 1993, anabeba jina lililoshonwa kwa vipande vya majina matatu ya baba yake: Roger, Menama, Lukaku. Jina la aina ya kwanza limehamishwa, nalo lina maana na ndugu kwao. La aina ya pili limebuniwa, na siku ya kwanza halina ndugu ila wazazi. Lakini yote mawili hukutana na mtihani mmoja: watu watalitamkaje wakiwa na haraka?

Wakiwa na haraka, watu hukata. Waswahili wana kanuni ya kukata, ingawa hakuna anayeifundisha. Mkazo wa maneno yetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi kata ya kwanza hushika mkia wa jina, pale sauti inapokuwa nzito: Khadija huwa Dija, Rashidi huwa Chidi, Abdallah huwa Dula. Kata ya pili hushika kichwa: Ramadhani huwa Rama, Suleimani huwa Sele, Bakari huwa Beka. Zote mbili hupenda kubakiza silabi mbili, yaani kipimo cha neno dogo kabisa linaloweza kuitwa kwa sauti kubwa bila kupungukiwa. Sasa yachukue majina ya Kivu uyapitishe kwenye kisu hicho. Mapendo ukishika mkia unapata Pendo, na Maombi hutoa Ombi: kinachodondoka ni kiambishi cha wingi, na jina linatoka na maana yake nzima. Furaha hutoa Raha, ndugu yake wa karibu. Machozi, jina la mtoto aliyezaliwa katika msiba, hutoa Chozi, na huzuni inapungua kutoka nyingi hadi moja. Lakini Bahati hutoa Hati, na mtoto akawa karatasi ya serikali. Tumaini ni jaribu kubwa zaidi: mkia wake ni ini, ukiongeza silabi moja ni maini, na kichwa chake ni Tuma, jina la mtoto atakayekwenda dukani kila saa. Mzazi aliyelipenda Tumaini kwa maana yake hana budi kujua mapema kwamba watoto wenzake watalikata, na kwamba watalikata pale panapochekesha.

Brussels inaongeza visu viwili. Kifaransa hakiitamki herufi h, na Kifaransa na Kiholanzi vyote huisoma u kwa midomo iliyochongoka, sauti ambayo Kiswahili hakina. Furaha, akifika shule ya chekechea, hupoteza mwanzo na mwisho wake kwa mpigo mmoja. Faida kwa Kifaransa huelekea kusikika kama Feda, kwa sababu a na i zikikaa pamoja husomwa e. Machozi anakuwa Mashozi. Jabali ana matamshi matatu katika mtaa mmoja: letu, la Kifaransa lenye j laini, na la Kiholanzi linaloanza kama Yabali. Neema, kinyume chake, kwa Kiholanzi anatoka karibu na alivyo kwao, maana e mbili huko ni sauti ndefu. Baraka ana bahati zaidi: Wafaransa wanalitumia neno hilohilo katika mazungumzo ya kawaida kumaanisha bahati, na majirani wenye asili ya Moroko wanalijua kutoka Kiarabu. Kinachonivutia ni kwamba kifupi kizuri mara nyingi hukata palepale panapoumiza ulimi wa mgeni. Raha imeitupa ile u iliyomsumbua mwalimu. Pendo haina hata sauti moja ambayo Mflemi atajikwaa kwayo. Hapa kifupi hufanya kazi kubwa kuliko kubembeleza mtoto: kinampa mgeni mahali pa kushikia jina. Ila visu hivyo vipya vina mitego yake. Riziki au Azizi akiitwa Zizi nyumbani, ajue kwamba kwa Kifaransa hilo ni neno la kitoto la sehemu za siri za mvulana. Kaka, neno la heshima kwetu, kwa Kifaransa na Kiholanzi ni kinyesi katika lugha ya watoto. Mtihani wa kifupi hauna budi kufanyika katika kila lugha itakayosikika uwanjani pa kuchezea.

Wala mgeni asidhani kwamba kwa kukata jina anavunja adabu za mji. Brussels ni mji wa lakabu. Lahaja yake ya Kiflemi huongeza -ke mwishoni mwa jina kuonyesha udogo au mapenzi, na Jef wa kila siku, ambaye kwenye cheti ni Jozef, akawa Jefke. Sanamu mashuhuri kuliko zote mjini humo, ya mvulana anayekojoa, inajulikana ulimwenguni kwa neno la kudogoesha, Manneken, yaani kijimtu. Georges Remi, mchoraji wa Tintin, alizigeuza herufi za mwanzo za majina yake, akazitamka kwa Kifaransa, akawa Hergé. Mwanamuziki Paul Van Haver, ambaye baba yake alikuwa Mnyarwanda, alilichukua neno maestro akalipindua silabi, akawa Stromae. Mji wa namna hii hauhitaji kuombwa ruhusa. Unachohitaji ni kuonyeshwa pa kukatia.

Ushahidi mkubwa kwamba jina la mdomo lina nguvu zake hautoki Brussels, unatoka Kinshasa. Mwaka 1971 Rais Joseph-Désiré Mobutu aliibadili Kongo kuwa Zaire, na mwaka uliofuata, kwa jina la kurudi kwenye asili, akayapiga marufuku majina ya ubatizo ya kizungu. Yeye mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Kadinali Joseph-Albert Malula alipinga, na kwa muda mwaka huo alilazimika kuishi Roma. Mamilioni ya watu walibadilishiwa karatasi. Mwanamuziki François Luambo Makiadi naye alilitupa François, akajipatia jina refu la asili. Lakini jukwaani na mitaani alikuwa Franco, kifupi kilichochongwa kutoka lile jina lililokatazwa, na Franco alibaki hadi alipofariki Ubelgiji mwaka 1989. Dola ilikuwa na uwezo wa kufuta mstari kwenye cheti; haikuwa na uwezo wa kuingia kinywani. Leo rais wa nchi hiyo, Félix Antoine Tshisekedi, anaitwa Fatshi na wafuasi wake, herufi za majina yake matatu zikiwa zimebanwa kuwa neno moja. Kumbuka pia kwamba Zaire ilitunga sheria yake ya familia tarehe 1 Agosti 1987, miezi michache baada ya ile ya Ubelgiji, ikaagiza kwamba majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa nchi. Mwaka uleule, nchi moja ililegeza kamba na nyingine ikaikaza, na katika nchi zote mbili watu wakaendelea kukata majina walivyotaka.

Pingamizi la kwanza ni zito, na wazazi wengi hulitaja kwa sauti ya chini: jina geni litamnyima mtoto kazi. Ushahidi wa ubaguzi upo. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha jaribio ambalo wasifu wa kazi karibu 5,000 wa watu wa kubuni ulitumwa kwa waajiri wa Boston na Chicago. Wenye majina kama Emily na Greg walipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi ya wenye majina kama Lakisha na Jamal, ilhali sifa zao zililingana. Lakini angalia majina yalivyochaguliwa. Lakisha na Jamal waliteuliwa kwa sababu yamezoeleka miongoni mwa Wamarekani Weusi. Kilichoadhibiwa ni kundi ambalo jina lililitaja. Uhaba wa jina haukuwa hoja. Ubelgiji kwenyewe, Stijn Baert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent walitumia majina ya Kiflemi na ya Kituruki. Kwa kazi ambazo waajiri wanahangaika kupata watu, wote walialikwa sawa. Kwa kazi ambazo waombaji ni tele, mwenye jina la Kituruki alilazimika kutuma maombi mara mbili zaidi. Jina lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni shida ya mwajiri. Basi jina halikuwa kizuizi. Lilikuwa kisingizio kilichosubiri nafasi. Ubelgiji ina sheria dhidi ya ubaguzi, na mahali pa kupigania haki ni hapo, si katika kitanda cha mtoto. Mzazi atakayemwita binti yake Marie ili ampunguzie ubaguzi ana sababu inayoeleweka, ila ajue kwamba jina la ukoo bado litasomwa, na uso bado utaonekana siku ya usaili.

Wapo wanaotafuta njia ya kati: jina la Kifaransa litangulie, la Kiswahili lifuate. Ubelgiji inaruhusu majina kadhaa, na mtoto mwenye matatu si jambo la kushangaza. Tatizo ni kwamba jina la pili hulala. Huamka siku ya pasipoti, siku ya ndoa na siku ya mazishi. Kama lengo ni kumtunzia mtoto kumbukumbu ya bibi, njia hiyo inatosha. Kama lengo ni kwamba jina liishi, kifupi hufanya kazi ambayo jina la pili haliwezi, kwa sababu chenyewe huitwa mara 50 kwa siku, na kila kinapoitwa kinalivuta lile refu nyuma yake.

Hapo ndipo pingamizi la pili linaposimama: je, kama kifupi kitalimeza jina? Mfano wa kulitetea si mdogo. Barack Obama alipata jina lake kwa baba yake Mkenya, jina lenye shina moja na baraka. Naye, kama baba yake kabla yake huko Marekani, aliitwa Barry. Alikua akiitwa hivyo, na alipokuwa chuoni ndipo alipoanza kudai Barack. Barry imekatwa kichwani mwa jina, kama Rama kutoka Ramadhani, kwa hiyo haitoshi kusema kwamba kifupi kizuri ni kile kitokacho ndani ya jina. Kasoro ya Barry ni kwamba tayari lilikuwa jina kamili la watu wengine. Anayemsikia Barry hana sababu ya kuuliza kirefu chake ni nini, amefika mwisho wa safari. Anayemsikia Pendo, Ziki au Baha bado yuko njiani: atauliza, na jibu litakuwa Mapendo, Riziki au Bahati. Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza ni cha kurudi. Kifupi chema humrudisha msikilizaji kwenye jina, kibaya humtosheleza. Sifa akiitwa Sofie amebadilishwa. Furaha akiitwa Raha amefupishwa tu, na tofauti hiyo mtoto mwenyewe ataihisi siku atakapotaka kusaini kwa jina lake zima.

Pingamizi la tatu linasema kwamba hayo yote ni kujichosha, kwani lakabu haipangwi na mzazi, hutolewa na watu. Historia yetu inaliunga mkono. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar ambaye misafara yake ilifika Maniema, hakujiita Tippu Tip. Aliitwa hivyo, na inaelezwa kwamba ni kwa mlio wa bunduki zake. Henry Morton Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, na lakabu hiyo ikamtoka ikaenda kuwa jina la dola nzima ya kikoloni. Nakubali kwamba hakuna mzazi anayeweza kuzuia kitu kama hicho. Ila tuangalie lakabu hizo zilijengwa juu ya nini: juu ya tendo, mlio, umbile. Za aina hiyo hupewa watu wazima kwa walichofanya, na hazigombani na jina la cheti. Kifupi cha jina ni kitu kingine, na hicho huanza nyumbani. Mtoto anayefika shuleni akijua kusema kwamba yeye ni Mapendo na kwao wanamwita Pendo, amekalia kiti ambacho kingebaki wazi. Anayefika bila kifupi atapewa na wa kwanza aliyeshindwa kutamka, na huyo hatakata kwa upendo.

Kwa hiyo ndani ya zile siku 15 yako mambo machache ya kufanya, na hayahitaji kamusi. Likate jina kichwani na mkiani uone kinachodondoka. Vipeleke vipande hivyo kwa jirani Mfaransa na jirani Mflemi, uwasikilize wanavyosoma kutoka kwenye karatasi bila kusaidiwa. Kisha lijaribu jina lote kwa sauti tatu za mzazi: ya kubembeleza, ya kuita mtoto aje kula, na ya kukemea. Sauti mbili za kwanza zitataka kifupi. Ya tatu italitaka jina zima, silabi zote, kama ilivyo katika kila lugha niijuayo. Na hapo mtoto atajua kwamba anaitwa kwa jina lake la kweli. Jina lisilotoa kifupi chochote kinachovumilika halina kosa, lakini mzazi ajue kwamba analipeleka njiani bila viatu.

Na maana je, si itapotea jina likishakatwa na kutamkwa na watu wasiojua Kiswahili? Huenda italala kidogo. Agatha, bikira wa Catania aliyeuawa kwa ajili ya imani katika karne ya tatu, alibeba neno la Kigiriki lenye maana ya mwema. Wakazi wa Berchem wanaokwenda dukani asubuhi hawalifikirii hilo, na wengi hata hilo Agatha hawalitamki. Lakini neno lipo kwenye kila kibao, kwa lugha mbili, na mtoto anayejifunza kusoma atafika siku moja aulize Agatha alikuwa nani. Jina refu linachohitaji ni kuwapo mahali pa kuonekana siku hiyo ya swali. Siku nyinginezo zote, Berchem inatosha.